Mwanafunzi Niliyemwita Damu Baridi

Mjukuu wangu Neema,

Nakusalimu kutoka Whitehall. Mama yako amekuja kutoka Louisville kuniuguza, maana mapafu yangu yamechoka.

Unaniambia rafiki yako Mmongolia huko chuoni anasema tiba ya kwao hugawa miili kwa upepo, nyongo na kohozi, na kwamba hulali kwa sababu wewe ni wa upepo. Unauliza kama ni kweli. Tiba hiyo siijui. Lakini nami niliwahi kugawa watu.

Nilipokuwa mwalimu kijana katika kambi ya wakimbizi Tanzania, niliwagawa wanafunzi kwa damu moto, yaani wachangamfu, na damu baridi, yaani wazito. Siku moja Imelda, msichana mkimya, alibaki darasani.

"Mwalimu, silali. Kichwa hakishiki kitu."

"Wewe ni damu baridi," nikamjibu. "Ndivyo ulivyoumbwa."

Wenzake dirishani wakacheka, nami nikacheka.

Juma lililofuata tulimzika. Alivyokufa sitaandika. Sijamwambia mtu yeyote kwamba alikuja kwangu kwanza, na faraja sijaipata mpaka leo.

Kwa hiyo nakuuliza nilichopaswa kumuuliza yeye: nini kinakunyima usingizi? Usijibu kwa barua, itachelewa. Piga simu leo. Mama yako ataniwekea sikioni.

Babu yako