Kitufe cha Kuruka

Tarehe 4 Machi

Kwako mdogo wangu,

Habari za siku nyingi? Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile jino lako limeshang'olewa au angalau limenyamaza. Mimi sijambo, ila macho yameanza kunidai miwani. Msalimie shangazi, mwambie dawa yake ya kuchua naitumia bado na inanuka vilevile.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu zangu hupokei, na barua huwezi kuikata kama simu. Kisa nakijua. Tulimzika baba, siku ya tatu nikabeba begi nirudi kazini, nawe ukaniambia pale mlangoni, "Nenda, majokofu yanakungoja." Ni miaka miwili sasa na sina la kujitetea. Ni kweli nilikwenda kulinganisha majokofu kwa ajili ya jarida.

Leo nina shida ya kikazi, na fundi ninayemwamini ni wewe tu. Mwenzangu aliyekuwa akiandika habari za gemu jaridani amehama, ukurasa wake nimepewa mimi kwa majaribio. Nimeutamani ukurasa huu kwa miaka. Mezani kwangu ziko mashine tatu: moja mpya iliyotoka mwezi uliopita, na wapinzani wake wawili. Mpya ni nyembamba, na feni yake huisikii mpaka utege sikio. Kontrola yake imekaa vizuri kiganjani, na vitufe vya nyuma vinakikazia kidole ukivuta upinde ndani ya gemu, ukiuachia vinalegea. Mpinzani wa kwanza ni mzito na ana kelele, lakini kontrola yake unaicheza siku nne bila kuichaji, wakati ya mpya inazima siku ya pili. Mpinzani wa pili ni wa kubeba mkononi, mwepesi, ila vijiti vyake vimeanza kulegea hata wiki haijaisha.

Mpaka hapo mambo shwari. Tatizo ni kidole gumba changu. Niliweka gemu ya kuruka mashimo, nikatumbukia kila shimo. Nikitaka yule mtu wa kwenye gemu aruke, anapiga ngumi hewani. Nikaandika, tena kwa kujiamini, kwamba waliotengeneza mashine mpya wameweka vitufe kinyume. Mhariri akaisoma, akaniuliza kwa upole mbona wapinzani nao wamevipanga hivyohivyo, na mbona yeye anaruka vizuri tu. Nimejaribu zote tatu, na zote tatu natumbukia. Amenipa hadi katikati ya Mei nieleze vizuri, la sivyo narudi kwenye majokofu.

Sasa naomba kitu kimoja. Ile mashine yetu ya kijivu ya utotoni bado iko kwenye kabati la karakana ya baba? Iwashe, uniambie kuruka kulikuwa kitufe gani. Mimi nakumbuka kushoto. Nakumbuka na ule mkeka, tumekaa mabega yanagusana, wewe unainua kontrola juu kila ukiruka kana kwamba unambeba yule mtu mgongoni. Na baba kwenye benchi lake, skrubu amezibana midomoni, anajifanya hatuangalii.

Nijibu, hata kwa matusi.

Ni mimi, dada yako


Tarehe 30 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Mimi mzima, nimeshanunua miwani. Wiki karibu nne zimepita na sina jibu lako. Labda umeshaiwasha mashine, ukaona kinachokosekana, ukakasirika upya. Basi niseme kabla hujaniuliza.

Kontrola ya pili ninayo mimi. Niliitia kwenye begi asubuhi ile nilipoondoka kuja kuanza kazi huku, miaka kumi na moja iliyopita. Nilikuwa naogopa. Sikuwa nimewahi kulala mahali ambapo sisikii wewe ukikoroma, nikataka niwe na kitu cha mkeka ule. Haina mashine ya kuchomeka, inakaa tu kwenye droo ya soksi. Kuna siku naishika nikiwa natazama taarifa ya habari.

Nilijua utaitafuta. Nilijiambia nitakuambia nikifika, kisha nikajiambia likizo, kisha baba akafa. Nisamehe.

Dada yako


Tarehe 22 Aprili

Dada,

Mimi mzima. Jino limeng'olewa. Shangazi anakusalimu, anasema ile dawa si ya miguu peke yake, hata mgongo. Salamu zimekwisha.

Barua yako ya kwanza niliisoma nikaiweka chini ya kopo la risasi ya kulehemu. Ya pili ilinikuta nimeshika redio ya mteja, nikaiweka redio chini nisije nikaivunja. Unajua nilimuuliza nani kuhusu hiyo kontrola? Baba. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na bado niliitafuta kama mtoto. Akaniambia huenda imeingia kwenye mizigo ya mteja kwa bahati mbaya. Nikamwambia yeye ni mzembe, kwamba anagawa vitu vyetu. Nilikaa karibu miezi miwili simsemeshi, tunafanya kazi benchi moja nampa bisibisi bila kumtazama. Na yeye alijua. Nina hakika alijua, kwa sababu ndiye aliyekufungia begi. Alinyamaza nikamnunia, ili nisikununie wewe. Ameondoka sijamwomba radhi. Hilo ndilo uliloniachia kwenye kabati, Dada.

Haya, kazi yako. Mimi ni fundi, sijui kuacha swali mezani. Niliiwasha ile ya kijivu. Inawaka, picha ina mistari kidogo. Kwa kontrola yangu, kuruka ni kushoto, kama ulivyosema. Lakini nina mashine nyingine ya aina hiyohiyo, imekufa, naitolea vipuri. Nikachomeka kontrola ya huyo marehemu kwenye ya kwetu. Kuruka ni kulia. Nikarudia mara tatu.

Nikafungua kontrola yangu. Unakumbuka baba alivyokuwa akiandika kwa penseli ndani ya kila kifuniko: tarehe, tatizo, dawa? Ndani kuna njia mbili za umeme zimekatwa kwenye bodi, zimeunganishwa upya kwa waya mwekundu mwembamba kama unywele. Ni mkono wake, hakuna mwingine aliyekuwa akilehemu safi vile. Na kifuniko kinasema: "Tarehe 9 mwezi wa nane. Gumba la mdogo halifiki kulia. Kuruka kumehamia kushoto."

Nilikitazama kidole gumba changu. Hiki kidole nilichoungua nikiwa na miaka mitano nimekizoea, nashika nacho kila kitu, nimesahau kwamba hakinyooki. Na mimi nilijua jambo moja tu kuhusu utoto wangu bila shaka yoyote, kwamba wewe ulikuwa mkubwa, ulikuwa na akili darasani, lakini kwenye mkeka nilikuwa nakufunga. Kumbe nilikuwa nahurumiwa? Kumbe nilipewa njia ya mkato, nawe ukajua, ukaniachia nishangilie?

Hiyo uliyoiba ifungue. Usiniambie unakumbuka kushoto, kumbukumbu si ushahidi. Skrubu ni tano, ya tano iko chini ya karatasi ya jina. Kama bodi yake haijaguswa, usiniandikie tena.

Mdogo wako


Tarehe 6 Mei

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini u mzima. Mimi tangu barua yako ifike sijatulia, hata mhariri ameniuliza kama nimefiwa.

Sikuwa na bisibisi. Mtoto mzima wa fundi, sina bisibisi ndani ya nyumba. Nikaazima kwa jirani anayeshona viti, naye akataka kujua nafungua nini, nikamwambia naifungua familia yangu, akacheka akidhani ni mzaha. Skrubu nne zilitoka. Ya tano ilikuwa palepale uliposema.

Waya mwekundu upo, mdogo wangu. Njia mbili zimekatwa, zimeunganishwa vilevile. Na kifuniko kinasema hivi, nakunakilia neno kwa neno: "Tarehe 9 mwezi wa nane. Hii ni nzima. Nimeihamisha pia ili wawe sawa. Wasiambiwe."

Siku moja, mkono mmoja. Kwa hiyo ulinifunga kwa haki. Ulinifunga kwa sababu ulikuwa mkali kuliko mimi, na kama unataka niape nitaapa. Waliochezewa rafu ni watoto wa mtaa. Unakumbuka walivyokuwa wakitumbukia shimo la kwanza, wanaondoka wakisema mashine yetu ina jini? Jini lenyewe lilikuwa benchini na skrubu midomoni.

Sasa nikuambie nililolijua mimi. Siku ile ulipoungua, baba alikuwa amekwenda kufunga antena, akaniambia, "Mwangalie mdogo wako." Mimi nilikuwa na kontrola mkononi, nimefika kwenye daraja ambalo sikuwahi kulivuka. Nilisikia ukiinuka. Sikugeuka. Chuma cha kulehemia kilikuwa bado moto, nawe ukakishika. Wote walisema mtoto alikuwa mtundu, nami sikusema lolote. Baba hakuniuliza hata mara moja. Akazichukua kontrola zote mbili akazipanga upya, ili wewe usijue kidole chako kina kasoro, na mimi nisikae kando yako kila siku nikikumbushwa. Alitufichia wote wawili. Ndiyo maana hata kontrola hii niliyoichukua alininyamazia. Ukitaka kumwomba radhi, mimi kwanza inanipasa nikuombe wewe.

Habari ya kazi: nimeandika upya. Nimewaeleza wasomaji kwamba kati ya zote tatu, mpya ndiyo yenye ukurasa wa mipangilio ambapo mtu anapanga kila kitufe kiendavyo kidole chake, na anayecheza naye anaweza kunakili mpango huohuo kwa mguso mmoja. Mpinzani mzito anakuruhusu nusu nusu, wa mkononi hakuruhusu. Kampuni inajisifu kwamba jambo hilo halijawahi kufanyika. Nimeandika kwamba namjua fundi mmoja aliyelifanya kwa waya na bisibisi zamani sana, na wala hakujisifu. Mhariri amesoma, akasema ukurasa ni wangu.

Pamoja na barua hii kuna kifurushi. Kilichomo ni chako.

Dada yako anayekupenda


Tarehe 3 Juni

Kwako Dada,

Shikamoo. Shangazi hajambo, mimi sijambo, karakana bado imejaa mafeni ya watu tangu lile joto.

Kifurushi kimefika. Umeifunga kontrola kwa soksi, nimecheka mpaka mteja akachungulia. Niliichomeka kabla hata ya chai, inafanya kazi, kitufe cha kuanzia tu kilikuwa na vumbi nikakisafisha. Kisha nikaifungua nisome mwenyewe. Nimesoma mara nyingi. Nililia, sitakuficha, halafu nikaenda kuwasha chuma cha kulehemia, kwa sababu baba akikuta mtu analia kazini alikuwa akisema kama machozi yanatoka basi na moto uwake, tusije tukapoteza machozi na muda vyote viwili.

Kuhusu kuungua: nilikuwa na miaka mitano na nilikuwa mtundu kweli. Nawe ulikuwa na miaka tisa na ulikuwa karibu kuvuka daraja. Limekwisha.

Nyaya sijazigusa. Mkeka nimeutandika, ule wa zamani uliliwa na panya, huu ni mwingine. Hiyo mashine mpya njoo nayo nami niishike, ila tutaanza na ya kijivu, na upande wa kulia wa mkeka ni wangu kama zamani.

Kabla sijafunga kifuniko chako nilichukua penseli. Chini ya mwandiko wa baba nimeandika tarehe ya leo, na pale pa tatizo nimeandika, "Ilipotea, imerudi." Pale pa dawa nimepaacha wazi. Ukija utapajaza kwa mkono wako.

Wako, mdogo wako