Miche Iliyofunga Matundu

Mjukuu wangu Nambozo,

Sisi wa Mafubira tu wazima, na mama yako anakusalimu huko Nkoma.

Unauliza kama najua kwamba udongo ukikauka, kalsiamu huongezeka ndani ya seli mbili zinazolinda kila tundu la jani, zikanywea, tundu likajifunga ili maji yasipotee. Sikujua! Lakini umenitonesha kidonda.

Nilipokuwa askari jela kijana, mkubwa wetu aliikuta miche ya kahawa imelegea mchana.

"Imekufa. Ng'oeni!"

"Afande, tungoje jioni," nikamwambia.

"Wewe nani?"

Wafungwa wakaing'oa yote, wakaitupa. Jioni mvua ikanyesha. Asubuhi, juu ya lundo la takataka, miche ileile ilikuwa imeinua majani. Kumbe ilikuwa inangoja tu!

Mpumbavu yule akaiona. Akaagiza ichomwe.

Mimi jaja yako, bado sijapoa.