Gari la Mama na Bega Langu

Mlango wa bluu,
Nyuma ya duka la mbao.
Jumapili, mvua imekatika.

Mpendwa mdogo wangu Sisimizi,

Salamu nyingi sana. Mzima wewe? Shemeji mzima? Na wale mapacha, wameacha kung'atana masikio? Mimi mzima, mgongo tu ndio unaongea. Mama mzima. Nyonga inamsumbua asubuhi, ikishapata moto inamwachia. Anakula vizuri. Amenikasirikia vizuri pia. Nitakwambia kwa nini.

Usishangae barua. Simu ipo, najua. Lakini nyumba yetu unaijua, ukipiga chafya huku, wa chumba cha pili anakuombea afya. Mama yuko hapo nyuma ya pazia, kila neno analisikia. Halafu kwenye simu ukiniuliza "kaka, vipi?" mimi nasema "safi" hata kama paa linaungua. Kwenye karatasi siwezi kukimbia. Fundi cherehani jirani yetu anasafiri kesho kuja huko kwa mwanawe, ndiye mletaji. Mwandiko wangu uvumilie.

Kwanza asante kwa gari. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuulizwa "unataka lipi?" Sisi tumezoea kuulizwa "umemaliza?" Leo wewe, niliyekubeba mgongoni ukilala na kunidondoshea mate shingoni, unaniambia nimeongea na dalali, yapo mawili, kubwa la kuvuta tela na dogo la mjini. Nenda yadi na mama, chagueni linalomfaa mama. Ulisema hivyo. Linalomfaa mama. Nilikusikia, masikio yangu hayana ubovu.

Ila nilishachagua kabla sijavaa shati.

Kazini fundi mkuu ana mashine ya kuchanganyia zege, ina magurudumu, imekaa inaota kutu kwa kukosa gari la kuivuta. Aliniambia, "Winchi, ukipata gari la kuvuta tutazunguka nayo saiti zote. Wewe unaendesha, unaacha kubeba." Wananiita Winchi kwa sababu mfuko wa saruji naupandisha begani kwa pumzi moja. Jina la sifa hilo. Lakini Winchi kachoka, Sisimizi. Siku hizi viatu navaa nimelala chali kitandani kama mtoto mchanga. Leseni ninayo tangu enzi za lori la mchanga. Nikaona mlango umefunguka.

Basi Alhamisi tukaenda yadi. Mama kavaa gauni lake la kutokea na vile viatu ulivyomletea. Lile dogo lilikuwa pembeni kwenye uzio, limejikunyata kama kuku aliyenyeshewa. Sikumpeleka hata kulitazama. Nikanyoosha moja kwa moja kwenye kubwa. Ndoano yake ya nyuma nene kama ngumi yangu. Nikapiga teke tairi. Nikamuuliza dalali linavuta mzigo wa namna gani, mlimani linapanda vipi. Nikaongea weee. Mama yuko nyuma yangu, kaegemea fimbo, anasubiri kama mtu aliyekuja kwa shughuli nyingine.

Dalali ndiye aliyemkumbuka. "Mama, karibu, panda uone."

Sisimizi, pale pa kukanyaga palimfika magotini. Akashika mlango, akainua mguu, akaurudisha. Akajaribu wa pili, akaurudisha. Akasema, "Ngoja kwanza."

Sikungoja. Watu walikuwa wanatazama, na mimi naliona gari linanitoroka. Mikono ikafanya inachokijua. Nikainama, bega chini, mkono nyuma ya magoti, hup! Nikampandisha. Vile vile kama saruji. Mama yetu.

Kiatu kimoja kikadondoka. Gauni likapanda. Waosha magari wakapiga makofi, mmoja ananijua kutoka saiti, akapiga kelele, "Winchi kazini! Shikilia, bibi!"

Na mimi nikacheka. Hilo ndilo haliniachi nilale. Kubeba naweza kusema ni mazoea. Lakini nikacheka, nikawapungia mkono, na mama yuko kule juu na kiatu kimoja anavuta gauni lifunike magoti.

Akasema polepole, "Nishushe." Nikanyoosha mikono. Akasema, "Si wewe."

Dalali akaleta ndoo ya rangi, akaigeuza chini juu. Mama akashuka kwa mkono wa mtu baki. Nikaokota kiatu nikakishika tu, sijui nikipeleke wapi. Mpaka dalali akanipokonya, akamvisha yeye.

Halafu mama akaenda mwenyewe kwa lile dogo. Pole pole, fimbo, hatua, fimbo, hatua. Akafungua mlango. Akaligeuzia mgongo, akakaa, kisha akaingiza mguu mmoja, akaingiza wa pili. Akafunga mlango. Akatulia humo anatazama mbele. Hakuna aliyemgusa. Dalali akanitazama mimi. Mimi nikatazama ndoano.

Na bado nikamwambia dalali, lile kubwa ndilo, ngoja mdogo wangu athibitishe. Ndiyo. Baada ya yote hayo. Nililisema nikiwa nimempa mama mgongo.

Tukafika nyumbani. Chai nikapewa, sukari ikatiwa, neno hapana. Unamjua mama, akigomba kuna amani. Akinyamaza, jikaze.

Nikamkumbuka marehemu wifi yako. Unakumbuka alivyokuwa anamshusha mama ngazi za kliniki? Alikuwa hamshiki. Anasimama kando yake, anaweka mkono kama ukingo wa ngazi, anatulia. Mama anashika, anajivuta mwenyewe, anaulizia habari za soko. Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi nikasema moyoni, huyu mwanamke mvivu kweli, si ambebe tu yaishe. Ningemuuliza. Sasa nimuulize nani.

Jana mchana nilikuwa nakipiga dawa kile kiatu chake. Mama akaja akasimama mlangoni. Akasema, "Chukua lile kubwa."

Nikasema, "Mama, huwezi kulipanda."

"Utanipandisha."

"Uliniambia si mimi."

"Niliudhika. Sasa nimepoa. Nakuona asubuhi unavyovaa viatu, unadhani pazia ni ukuta? Mgongo ukikatika utanibeba na nini? Chukua kubwa. Mimi nitafumba macho."

Nitafumba macho. Afadhali angenizaba kofi, kidogo ningelia kwa haki. Mtu mzima, mama wa watu, ananipa ruhusa nimbebe kama mzigo mbele za watu ili mimi nipumzike. Nikaendelea kusugua kiatu, tayari kinang'aa kama kioo, nasugua tu.

Nimefikiri tangu hapo. Kichwa changu hakijazoea, lakini nimefikiri. Tukinunua kubwa, mama hatalikataa gari. Ataikataa safari. Kliniki ya mazoezi atasema leo nyonga haiumi. Kwa dada yake atasema nitaenda wiki ijayo. Mwisho atakaa ndani, atasema mwili umechoka, na mimi niko nje nafuta vumbi kwenye ndoano. Mwenye mguu mbovu ndiye wa kupimiwa gari. Mimi nilipima kila kitu, nikasahau goti lake.

Dogo, Sisimizi. Nunua dogo. Kesho nitapita yadi mwenyewe nimwambie dalali, na nitasema mbele ya wale wale waosha magari. Wakicheka, haki yao.

Mashine ya zege tutaiona. Fundi mkuu kasema kama sina la kuvuta atatafuta mwingine. Nimemwomba walau aniweke kwenye kuchekecha mchanga, kule kunahitaji mikono kuliko mgongo. Hajajibu. Usinitumie dawa, za kuchua ninazo. Na usinihurumie, tafadhali. Ulichagua kunipa nafasi nikaichezea.

Sasa jambo moja. Jumatano utampigia mama kama kawaida yako. Barua hii itakuwa imefika. Atachukua simu, ataingia uani ili nisisikie, atakwambia nunua kubwa, kaka yako ana mgongo. Atakubembeleza kwa ile sauti yake ya kukunyamazisha ulipokuwa mdogo. Usikubali. Usibishane naye, utashindwa. Mwambie tu kubwa limeshapata mnunuzi. Huo uongo usiuogope, uweke begani kwangu. Angalau bega lipate mzigo wa maana.

Asubuhi ya leo alitoka kuota jua. Pale mlangoni kuna kile kidato kilichomeguka. Nikasimama kando, nikaweka mkono kama alivyokuwa anaweka wifi yako. Sikuvuta. Mama akautazama mkono, akanitazama mimi. Nikadhani atarudi ndani. Mwisho akaushika, akashuka. Akasema, "Mkono mgumu kama ubao wa kukaangia." Hakuna ubao wa kukaangia, lakini sikumsahihisha. Ni neno la kwanza la utani tangu Alhamisi.

Msamaha bado sijamwomba kwa mdomo. Nimeshindwa nianzie wapi. Wewe ulikuwa hodari wa maneno, ukinitumia mawili matatu nitashukuru.

Msalimie shemeji, mwambie deni la kunifunga bao nalikumbuka. Wabusu mapacha, yule mkorofi umwongezee moja. Shangazi anakusalimu, mke wa fundi cherehani pia. Mama hajui kama naandika, kwa hiyo salamu zake hazimo, ila upendo wake unao siku zote.

Mungu akulinde huko uliko, akufungulie njia, na akulipe kwa mikono ile ile unayotupa nayo.

Ni mimi nikupendaye kwa dhati,
Kaka yako.

(Kwenye simu ukinitania usiniite Winchi tena. Kaka inatosha.)