Mafuta ya Maombi Kichwani mwa Mwende

Matinyani, Jumanne, 12 Machi 1996

Bado nina uchungu. Binti yangu Mwende anaanguka kifafa mwaka wa sita huu. Leo daktari alitaka kupima mawimbi ya ubongo wake, kisha kompyuta iyakate kuwa viwimbi vidogo vidogo, ionyeshe kifafa kinaanzia upande gani na sekunde gani. Lakini nyaya za mashine ya kupimia hazikushika kichwani.

"Mama, si tuliwaambia nywele zioshwe, zisipakwe kitu?"

"Ni mafuta ya maombi tu, daktari. Pasta alimpaka asubuhi."

"Sasa kompyuta isome mafuta? Rudini baada ya miezi minne."

Nilipomweleza pasta, akasema, "Mama Mwende, Mungu hana haraka."

Pasta hajawahi kumshika Mwende akitetemeka. Baba uliye mbinguni, mimi nina haraka. Tafadhali nijibu mapema.