Bwana Yangu Alipaka Rangi Juu ya Ufa wa Rimu

Mama Kampire wa redioni mpendwa,

Ninakuomba unisaidie na usichelewe, maana tangu juma lililopita nikisikia gari linaunguruma barabarani natoka mbio kuliangalia. Jina langu ulifiche, uniite Eugénie. Mimi ni mama wa watoto wawili, Nathalie na Ushindi, tulitoka Uvira tukapitia Kabazana pale wanapoandikisha wageni, na sasa tuko na kiwanja chetu hapa kambini Nakivale, Uganda, pamoja na bwana yangu Appolinaire. Kule Uvira alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari na kuzipaka rangi, hapa akapata kazi ya kurudisha upya rimu za alumini, zile wanaziita za spoti, maana vumbi letu jekundu na mawe ya njia ya Mbarara vinazila mpaka rangi inababuka na rimu inakuwa na mabaka kama mtu mwenye upele, na kununua mpya si jambo la watu wetu.

Kazi tunaifanyia nyumbani, sisi wawili. Mimi naosha kwa sabuni na burashi ya waya, natoa rangi ya zamani, napiga msasa mkali halafu msasa laini wa maji mpaka alumini inateleza chini ya kidole, nanyunyizia uwanja maji ili vumbi lilale, ndipo yeye anajaza mikwaruzo kwa mastiki, anapuliza rangi ya fedha na kumalizia vanishi. Naipenda kazi hii, Mama, sikufichi. Rimu inaingia kama kitu cha kutupa inatoka watu wanasimama kuiangalia.

Basi akatuletea rimu zake shemasi Semahoro, mtu wa kanisa letu, ana gari la Noah ambalo kila mtu hapa amelipanda, mgonjwa akizidiwa ni yeye, mama akishikwa na uchungu ni yeye, kwaya ikialikwa ni yeye. Nilipokuwa napiga msasa moja nikaona mstari mwembamba kama unywele, unatoka kwenye ukingo wa ndani unaelekea kwenye mkono wa rimu, nikadhani ni mkwaruzo, nikasugua tena, haukutoka. Nikafanya vile Appolinaire mwenyewe alinifundisha, nikapaka mafuta ya taa, nikafuta vizuri, nikasugua chaki juu yake, na punde mafuta yakarudi kutoka ndani yakachora ule mstari kwenye chaki. Nikamwita.

"Baba Nathalie, kuya uone. Hii imepasuka."

Akainama, akapitisha ukucha. "Ni mukwaruzo tu."

"Mukwaruzo hauwezi kunywa mafuta hivi. Tumwambie shemasi."

"Tumwambie nini? Atasema ni mimi nimeipasua wakati wa kutoa mupira. Bantu bote batasema Appolinaire anavunjaka vitu vya bantu. Leta mastiki."

Mama, nilileta. Akajaza, akapiga msasa, akapuliza rangi, na ile rimu ikawa nzuri kuliko zile zingine tatu. Semahoro alipokuja kuzichukua alichuchumaa akaona meno yake yanang'aa ndani ya rimu, akacheka, akatuombea baraka pale pale uwanjani, na mimi nikasema amina.

Sasa sikiliza jambo lililonifanya nikuandikie. Watoto wa kanisa walialikwa kuimba Mbarara, na Semahoro akasema nitawapeleka kwa gari langu linalong'aa, na wetu walikuwa ndani, Nathalie dirishani, Ushindi amepakatwa na dada mmoja mkubwa wa kwaya. Gari limeshawashwa. Nikamwona Appolinaire anatoka mbio nyuma ya nyumba, hata viatu hana, anapiga bodi ya gari kwa mkono.

"Nathalie! Ushindi! Shukeni! Shukeni sasa hivi!"

Semahoro akauliza kuna nini. Appolinaire akamwambia hawa wana homa tangu usiku. Mama, hawakuwa na homa. Aliwashusha mmoja mmoja, akafunga mlango wa gari kwa mikono yake mwenyewe, akarudi nyuma, na gari likaondoka na watoto wa watu wakipunga mikono.

Nilimuuliza, "Baba Nathalie, kwa nini umetosha batoto betu ndani ya gari?"

Hakuniangalia. Akasema, "Ile rimu, sina hakika nayo."

Siku ile nzima nilisimama kando ya njia mpaka wakarudi, wazima, wanaimba, na Appolinaire akaniambia unaona, Mungu iko, acha maneno. Tangu hapo nikigusa tu habari hiyo ananiambia mwanamke anayetoa siri ya bwana yake nje amejifukuza mwenyewe, na kwamba nikimwambia Semahoro niende na nguo zangu. Jumapili hii gari linabeba akina mama kwenda kwenye harusi Mbarara. Nikisema ninavunja nyumba yangu, nikinyamaza sijui ninavunja za wangapi. Mama Kampire, nifanye nini? Nimeandika hapa chini namba ya jirani yangu Mariette, maana simu yetu anakaa nayo Appolinaire.

Mimi, Eugénie.

*

Eugénie,

Nakujibu hapa redioni kwa sababu umeniruhusu, na majina ya watu wako nimeyageuza. Lakini wasikilizaji wajue kwamba barua hii sikuiweka kwenye foleni. Nilipewa Jumapili asubuhi na mtu aliyetoka Nakivale. Nilisoma mpaka pale baba anafunga mlango wa gari kwa mikono yake, nikasimama. Mwenzangu wa studio akaniuliza, "Mama, kuna msiba?" Nikamwambia, bado, nipe simu.

Mariette alipokea, akakuita. Ulifika unahema.

"Gari liko wapi?" nikakuuliza.

"Liko mbele ya kanisa. Bamama banapanda."

"Na wewe uko wapi?"

"Niko hapa ku mulango wa Mariette."

"Sasa mbona unaongea na mimi? Acha simu, kimbia!"

Nilisikia simu ikianguka. Kwa muda nikawa nasikia kuku wa Mariette tu. Yaliyofuata ulinisimulia mwenyewe baadaye. Ulisimama mbele ya gari, mikono umeitandaza, na shemasi akachungulia dirishani akitabasamu.

"Mama, hizi rimu si ninyi mumezitengeneza?"

"Ni sisi. Ya nyuma, upande wako, imepasuka. Tuliifunika."

Alicheka kwanza. Halafu akaona uso wako, akazima gari. Akina mama wakashuka na vitenge vyao vya harusi, gurudumu likatolewa, na shemasi akachokonoa rangi kwa kisu. Mastiki ikatoka kipande kizima kama gamba la kidonda. Ufa ule uliouona kama unywele, sasa ncha ya kisu iliingia, na ulikuwa umetembea mpaka kwenye tundu la bolti. Bibi mmoja ambaye wajukuu wake walikwenda na gari lile kuimba alikaa chini kwenye vumbi na kitenge chake kipya.

Na Appolinaire alikuwepo, na shati lake la ibada. Watu wote wakamgeukia. Akasema, "Huyu mwanamke ana wazimu," akaondoka. Nasikia yuko Rugaaga kwa kaka yake Anselme, na amekutumia salamu kwamba hatarudi mpaka umwombe msamaha mbele ya kanisa.

Haya. Sasa tuongee, wewe na mimi.

Kwanza nitakugombeza. Ulijua, na ukatafuta karatasi na kalamu, wakati shemasi anakaa mahali ambapo ukimwita kwa sauti anasikia. Kama yule mleta barua angelala njiani, leo ningekuwa nasoma majina ya marehemu. Mwanangu, woga wako naujua. Mimi nimekulia Makenke, kwenye nyumba za askari, nimewaona wanawake wengi wanaomeza maneno ili walale ndani. Sikulaumu kwa kuogopa. Nakulaumu kwa ile amina.

Pili, hukutoa siri ya ndoa. Siri ya ndoa ni bwana kukoroma, ni bwana kulia akikumbuka kwao. Gurudumu bovu chini ya watoto wa watu si siri ya nyumba. Kwa hiyo usiende Rugaaga kupiga magoti. Hata hatua moja usiende. Mwachie mchungaji wenu na mzee mmoja wa kanisa waende, na wasipeleke msamaha, wapeleke swali: alijua hatari akawatoa wake, kwa nini hakufungua mdomo kwa wale wengine? Akijibu kwamba aliogopa jina lake kuharibika, basi ni mtu mwenye woga, na mwenye woga anaweza kufundishwa, arudi, aende mwenyewe kwa kila mzazi, uso kwa uso. Lakini akijibu kwamba wale hawakuwa watoto wake, mwache abaki huko huko. Mtu wa namna hiyo usimfungulie mlango kwa sababu tu unaogopa kulala peke yako.

Tatu, kazi. Umeniambia wateja wamekuja kuchukua rimu zao na wewe umejifungia ndani kwa aibu. Toka. Rimu zote zilizopita kwenye uwanja wenu, waite wenyewe wazirudishe, uzitazame upya, nyuma na mbele, kwa mafuta na chaki yako. Iliyobabuka tu, isugue uipake irudi nzuri. Yenye ufa usiiguse kwa mastiki wala kwa rangi, mwambie mwenye gari hiyo imekufa, akatafute nyingine, hata akikutukana. Shemasi Semahoro amekupigia kura tayari: ameniambia kwa kinywa chake kwamba akipata rimu nyingine ataileta kwako, si kwa mwingine.

Burashi unayo, msasa unao, kupuliza rangi umeona mara nyingi kiasi cha kujifunza. Kesho asubuhi nyunyizia uwanja maji, panga vitu vyako nje palipo na mwanga. Mtu akija akauliza fundi yuko wapi, usimwambie amesafiri. Mwambie fundi ni mimi, weka hapa nione.