Mama Mkwe Amejifunika Kitenge

Alhamisi. Mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua inagoma kunyesha. Joto limenikaba, vidole vinateleza kwa jasho. Mkikuta makosa ya herufi, mnivumilie.

Kesho wanampasua mama mkwe. Mimi ndiye niliyemfanya akubali.

Mnaonisoma mnajua: mwaka wa tatu huu choo changu kinatokea tumboni, kinaingia kwenye mfuko tunaouita poche. Kikundi chetu cha wenye poche kinakutana ukumbi wa parokia, na tuna desturi moja. Mgonjwa akiogopa kupasuliwa, mmoja wetu anaenda hospitali, anapandisha shati, anamwonyesha.

Leo mchana Mama Véro, kiongozi wetu, amerudi ukumbini kutoka hospitali amenuna. Amefukuzwa na mama mmoja wa mtaa wa Kikula, muuza samaki wa kukausha, mwenye uvimbe kwenye utumbo. Bila poche atakufa, daktari ameshasema.

"Ananiambia, weye sikujui! Uniletee muntu minye najua!" Mama Véro akatuzungushia macho. "Haya, nani anamjua?"

Nikaangalia viatu vyangu. Huyo mama ndiye aliyemzaa Béa, mke wangu.

Sasa nielezeni ningefanyaje. Kwetu mwanaume hampandishii mama mkwe shati. Hata meza moja sijawahi kula naye. Jumapili akipika, sahani yangu inapitia mikononi mwa Béa. Yeye anaamini nilipasuliwa appendicite, yaani kidole tumbo, basi. Na Béa mwenyewe, niseme ukweli? Anajua ninayo, lakini hajawahi kuiona. Ninabadilisha poche bafuni, mlango nimefunga kwa ufunguo.

Miaka yote hiyo.

Nikaenda tu. Béa alikuwa kando ya kitanda, macho yamevimba kwa kulia na kumbembeleza mama yake. Nikasimama mlangoni, nikainamisha kichwa kama inavyotakiwa.

"Mama, hata minye niko nayo."

"Unanidanganya juu ya bibi yako," akasema, amegeukia ukuta. Alidhani Béa, mke wangu, ndiye aliyenituma niseme hivyo.

Hapo poche ikanguruma. Bukari, ugali wetu, na maharagwe ya mchana! Chumba kizima kimesikia. Mungu wangu, mbele ya mama mkwe! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Hakucheka. Akavuta kitenge, akajifunika kichwa chote.

"Béa," akasema humo ndani, "angalia weye. Uniambie."

Béa akanitazama. Nilikuwa namwogopa yeye kuliko mama yake. Nikapandisha shati. Plastiki ya poche inaonyesha kila kitu, hata ncha ya utumbo iliyotokeza, hakuna pa kujificha.

"Ni nyekundu, mama. Ndogo." Béa akainama karibu zaidi. "Iko sawa na ndani ya mudomo. Hakuna kidonda."

"Inamuumaka?"

Nikatikisa kichwa. "Hapana, mama."

"Na bukari yangu, anamalizaka yote?"

"Yote, mama," Béa akajibu.

Kitenge kilipanda, kikashuka. Nilidhani amelala.

"Muite docteur."

Basi. Ningepaswa kufurahi, lakini naogopa. Asipoamka kesho, shemeji zangu watasema nini? Kwamba mkwe alikwenda kumvulia nguo mama yao, akampeleka kwenye kisu. Najua angekufa hata bila kupasuliwa. Najua! Mbona moyo hautulii?

Na Béa hajaniambia neno tangu tutoke hospitali. Sijui ni hasira, sijui ni kinyaa, sijui ni mawazo ya mama yake. Yuko mezani hapa, anakunja vitenge vya kupeleka asubuhi. Amekunja kimoja, amekikunjua, anakikunja tena.

Poche imejaa, lazima nikaibadilishe. Maji nimeshateka. Ufunguo wa bafuni nimeuweka mezani, karibu na mkono wake. Ameuona.

Naenda. Mlango nitauacha wazi.