Twendeni Kwao Verna

Mjukuu wangu Rehema,

Huku Tottenham hatujambo. Mama yako bado yuko kwenye shifti zake, na goti langu limetulia kidogo. Uliniuliza kwenye simu mwende kisiwa gani cha Karibea likizo hii, na kama nitafuatana nanyi.

Nilipokuwa nesi kijana hapa London, nilifanya kazi wodi moja na Verna, mzaliwa wa Barbados. Siku moja ya mapumziko tulipanda treni kwenda kuiona bahari ya Waingereza. Verna alivua viatu, akaingia majini, akatoka mbio akitetemeka.

"Hii si bahari!" akasema, machozi yakimtoka. "Kwetu maji yana joto."

"Hata kwetu Tanga," nikamjibu, nami nikalia. Tulikaa ufukweni na makoti yetu, kila mmoja akimsimulia mwenzake habari za kwao. Hapo ndipo nilipojua kuwa hamu ya nyumbani haikuwa yangu peke yangu.

Alipostaafu, Verna alirudi kwao. Kila tukizungumza huniuliza nitakwenda lini, nami humwambia mwakani. Juzi aliniita kwa jina la dada yake.

Twendeni Barbados, mjukuu wangu. Nikatie tiketi na mimi, nimwone angali ananikumbuka.

Bibi yako akupendaye,
Mwanaidi